Kufuga Forester ya tabo hapa Unguja

Swali la kwanza ninaloulizwa nikipaki popote, iwe Forodhani au nje ya msikiti Ijumaa, ni "inakwenda ngapi hii?" Na jibu langu ni moja tu, inakwenda mpaka Nungwi. Watu wanacheka ila mie sifanyi mzaha, kisiwa chenyewe urefu wake kilomita kama 85, na humo njiani pana matuta, pana daladala inasimama itakapo, pana skuli zinatoka saa saba, pana ng'ombe, na ukipita Jozani kuna kima punju wanavuka barabara kama ya kwao (na kweli ya kwao, sisi ndo tumewakuta). Sasa hiyo kilomita 200 kwa saa utaifikishia wapi?

Gari yenyewe ni Subaru Forester SG5, ile ya tabo (kile kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi ipate nguvu), injini EJ205 ya lita mbili, Japani ilitoka na nguvu farasi 220. Ipo na SG9 ya STI, yaani toleo la Subaru la michezo, yenye injini ya lita 2.5 na farasi 265, hiyo naitazama kwenye simu tu, nyota yangu haijafika huko. Wenzangu wengi waliniambia chukua Impreza, ndo gari ya vijana, nikawaambia nyie mnakaa wapi, mie njia ya kwetu masika ikinyesha siku mbili inakuwa mto, gari ikikaa chini unaingiza maji mpaka kwenye zulia. Forester ina moyo ule ule wa Impreza lakini imeinuka, tuta inapanda bila kukwaruza tumbo. Ndo maana nashangaa mtu ananunua Forester kisha anaikatia springi, si bora ungenunua hiyo ya chini toka mwanzo.

Basi hobi yangu ukiitazama vizuri sehemu kubwa si kuongeza nguvu, ni kuzilinda zile ilizokuja nazo. Na injini hizi za tabo hazikusubiri, ukizembea zinakuadhibu.

Nitoe mfano wa jambo ambalo mafundi wengi wa mitaani hawaligusi kabisa. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya oili tu, hakuna chengine. Sasa oili hiyo inafika kwenye tabo kwa bomba jembamba, na kwenye bolti lenye tundu linaloshika lile bomba Subaru wameweka kichujio kidogo cha wavu, kidogo hasa, unaweza kukipoteza kwenye kiganja. Nia yao nzuri, uchafu usifike kwenye tabo. Ila mwenye gari akipitiliza muda wa kubadilisha oili, ule wavu unaziba kwa masizi ya oili iliyoungua, tabo inakosa oili, shafti inaanza kucheza, unasikia mluzi halafu moshi wa buluu halafu unaanza kuuliza bei ya tabo. Yangu nilipoifungua mara ya kwanza baada ya kuinunua, wavu ulikuwa umejaa matope meusi yamegandamana kama lami, katikati pamebaki kitundu cha sindano. Nikauweka kwenye petroli, nikausugua na mswaki mkuukuu, nikautazama juani mpaka nikaona mwanga unapita kila tundu. Wapo wanaoutoa moja kwa moja wakafunga bolti tupu, mie naona sawa ikiwa oili unabadilisha kwa wakati, lakini kama wewe ni mtu wa "nitabadilisha mwezi ujao inshallah", uache tu na uusafishe. Oili mie ni kila kilomita 5,000, hapo sina mjadala na mtu, na kijiti cha kupimia nakitoa kila nikitia mafuta kwa sababu hizi injini zinakunywa oili kimya kimya na taa ya dashibodi ikiwaka ushachelewa.

Halafu kuna mzee mmoja fundi alinifundisha, ukitoka safari usizime gari papo hapo, iache ingurume dakika moja mbili oili ipoze tabo. "Mwanangu, mtu katoka mbioni humuambii alale," ndo maneno yake. Toka siku hiyo nafika nyumbani nakaa ndani ya gari kama nimegombana na watu wa ndani.

Plagi nazo ni kisa. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kushoto mbili kulia, kwa hiyo plagi haziko juu kama Toyota yako, ziko ubavuni zinatazamana na chuma cha bodi. Unatoa betri, unatoa tangi la maji ya waipa, unatoa boksi la filta ya hewa, kisha unaingiza mkono humo hujui hata unashika nini, soketi na kipande kifupi cha kuongezea na kiungo cha kukunja, robo mzunguko kila mara. Kurudisha ndo pa kuangalia zaidi, hedi (kile kichwa cha injini kinachofunika silinda) ni aluminiamu, plagi uianze kwa vidole tu, ikikataa itoe uanze tena, ukilazimisha na spana unakula nyuzi za hedi na hapo mchezo umekwisha. Kazi hii naifanya usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, kuna upepo, hakuna haraka, na watoto wa jirani wananishikia tochi kwa malipo ya kashata. Zikitoka nazipanga chini kwa mpangilio wa silinda nazisoma rangi, hudhurungi ya kufifia ni salama, nyeusi yenye masizi inakula mafuta mengi, nyeupe kabisa hiyo inaungua moto kupita kiasi na hapo ujue kuna tatizo.

Taimingi belti, ule mkanda unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, sitoisemea sana. Kilomita 100,000 badilisha, pamoja na pampu ya maji na zile puli zake, maana injini hii belti ikikatika valvu zinagonga pistoni. Ukinunua gari ya mtu na hana ushahidi, hesabu haijabadilishwa.

Nije kwenye mafuta. Gari hii Japani imepangwa kwa petroli ya oktani (kipimo cha kustahimili kugonga kwenye silinda) inayokaribia 100, ile wanayoiita hai-oku. Ukiitilia ya chini yake ina sensa inayosikiliza kugonga ndani ya silinda na kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche, gari inapoa, inakuwa nzito. Ndo maana nikimsikia mtu anataka kupandisha presha ya tabo kwa kidude alichoagiza mtandaoni bila kuigusa kompyuta huwa namhurumia. Presha ikipanda kuliko ilivyopangiwa, pistoni ndo zinalipa. Ukitaka kutyuni, yaani kuipangia kompyuta upya, mtafute mtu mwenye laptopu na anayejua kuisoma gari ikikimbia, Dar wapo na Nairobi wapo, lakini kwanza gari iwe nzima. Mie zile siku sheli zikikauka watu wakaanza kuuza ya kwenye chupa barabarani, gari inalala, napanda daladala.

Sasa adui wa kweli. Si tabo si mafuta, ni chumvi. Upepo wa bahari unaila gari hata ukiwa hujaiendesha. Forester inaanza kuliwa na kutu kwenye matao ya tairi za nyuma na kule ndani zinapofungwa shokapu, juu rangi inang'aa na chini ni biskuti. Nikitoka Paje au Nungwi lazima niioshe chini, na hapa sikiliza, usiioshe kwa maji ya kisima kama nyumbani kwenu kisima kina chumvi, unaiongezea tu. Maji ya bomba, presha, ndani ya matao, mpaka mchanga uishe kutoka. Kutu ikishaanza naikwangua na brashi ya waya mpaka nione chuma cheupe, naipaka dawa, nasubiri ikauke, rangi, kisha mafuta mazito ya kuzuia maji juu yake. Na zile waya za athi, zinazorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, nazifungua nazisugua na msasa, maana nusu ya "magonjwa ya umeme" ya gari za hapa nilizoziona ni athi imeota kutu, mtu kashabadilishiwa koili za plagi zote nne bure.

Nilichobadilisha kwa anasa ni kidogo. Rejeta ya aluminiamu nene zaidi, mabomba ya silikoni, na silensa ya nyuma. Manifoldi ya ekzosi, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, sijaigusa na sitoigusa, kwa sababu ule mngurumo wa Subaru, ule wa kukohoa kohoa, unatokana na mabomba yake kutolingana urefu, ukifunga yale yaliyolingana unapata nguvu kiasi na gari inalia kama ya mtu mwengine. Mama yangu ananijua nimefika Bububu kabla sijakata kona, anaanza kupakua chakula.

Kinachofuata ni breki, nataka kalipa (zile zinazobana diski) za pistoni nne kutoka Impreza WRX, zinaingia kwenye Forester bila kukata kitu ila rimu iwe inchi 16 kwenda juu. Ami yangu Muscat nishamtumia namba za spea, kanijibu kwa sauti ndefu kuliko khutba, anauliza uzito wake na nani atakuja nazo. Kalipa na diski ni chuma tupu, kwenye begi la mtu haziingii, itabidi zingoje kontena la mtu na mie nizingoje hapa.