Mchuzi wa karanga ulivyonikubali

Nilitaka mchuzi wa karanga wa kulia chakula, wenye chumvi, pilipili na uchachu kidogo. Siagi ya karanga ya kopo mara nyingi hutiwa sukari, kwa hiyo nilianza na karanga mbichi.

Kwanza nilizichambua. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi niliitupa, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Kisha nikazikaanga kavu kwa moto mdogo huku nikizigeuza muda wote. Ladha yote ya mchuzi huu inaanzia hapa, na mwenye haraka atapata ganda lililoungua na kiini kibichi. Ziliponukia na kuanza kupasukapasuka, niliepua, nikazifikicha zilipopoa na kupeta maganda.

Kwenye blenda huwa unga kwanza, halafu donge, na ukivumilia mafuta yake hutoka, donge likawa rojo laini. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, hivyo sikuongeza mengine.

Kitunguu, saumu, tangawizi, pilipili na nyanya nilikaanga kama kawaida.

Sasa maji. Rojo ile niliiyeyusha pembeni, kwenye bakuli, ili nisipate madonge sufuriani. Ukitia maji ya kwanza, karanga hazilegei, bali zinakaza kama udongo wa mfinyanzi, na wengi hudhani zimeharibika. Hazijaharibika hata kidogo! Endelea kutia maji ya uvuguvugu na kukoroga; zitalegea na kuwa nyeupe nyeupe. Kwa kikombe kimoja cha rojo nilitumia vikombe karibu vitatu vya maji.

Nikamimina juu ya nyanya, moto mdogo, mwiko ukipita hadi chini kabisa, kwa sababu karanga hushika upesi. Mimi siangalii saa. Nangoja mafuta yaelee juu na ule ubichi uishe mdomoni. Chumvi niliipima mwishoni, mchuzi ukiwa umeshapungua, na limau nikalikamua baada ya kuepua.

Ninapopikia wageni nauliza kwanza kama kuna mwenye mzio wa karanga, kwani unaweza kuua.

Na mchuzi uepue ukiwa mwepesi kuliko unavyoutaka, kwa kuwa ukipoa unakaza. Wa kiporo nauongezea maji kidogo kabla ya kuupasha.