Kumbukumbu ya mradi: Peugeot 304 ya paa la kukunja

Gari limeteremshwa kwenye trela jana jioni na sasa limo kwenye gereji niliyokodi hapa Marseille. Kabla sijafungua hata nati moja, acha niandike lilivyopatikana, maana nimeshachoka kuulizwa kwa nini sikuchukua Citroën Méhari kama watu wengi wa kusini huku. Méhari ni gari zuri. Bodi yake ni ya plastiki, haishiki kutu, na wauzaji wanalijua hilo vizuri mno wanapopanga bei.

Mimi nilitaka Peugeot. Nimekulia Mombasa, mjomba alikuwa na 404, na kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa 404 ni nini: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Lakini 304 ya wazi ni mnyama mwingine kabisa. Ilitoka 1970 na kusimamishwa 1975, zikiwa zimetengenezwa 18,647 tu. Ukiitazama kwa karibu, ni bodi ile ile ya 204 ya wazi ya mwaka 1966 iliyowekewa pua ya 304, dashibodi mpya na injini ya sentimita za ujazo 1,288. Injini ni ya alumini, imelazwa kwa upana na kusukuma magurudumu ya mbele, na giaboksi imekaa chini yake. Vyote viwili vinakunywa oili moja. Kwa hiyo mtu akikuambia "sijabadilisha oili muda mrefu lakini gia ziko sawa", funga mazungumzo.

Msimu wote wa baridi nilikuwa natafuta. Ya kwanza niliyoipenda ilikuwa karibu na Grenoble, milimani, nyekundu, inang'aa, viti vipya. Nikaenda na jirani yangu, Mngazija, fundi wa bodi kwa miaka mingi, ambaye hutembea na sumaku ndani ya soksi ili asichubue rangi ya mtu. Alipitisha sumaku juu ya vizingiti vya chini ya milango, ikawa inateleza na kuanguka, maana chini ya rangi palikuwa na puti ya kuziba matundu, si chuma. Akaniita pembeni: "Mdogo wangu, hili ni puti lenye matairi."

Hapo ndipo pa kuelewa magari haya. Gari la kawaida linashikwa pia na paa lake. La wazi halina paa la kulishika. Nguvu yote iko kwenye sakafu na vile vizingiti. Vikioza, gari linapinda katikati. Jirani ana kipimo chake: fungua mlango, piga jeki upande huo, kisha jaribu kuufunga. Ukigoma, au mwanya ukibana juu, rudi nyumbani. Barabara za milimani humwagwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa imelimaliza lile jekundu. Tuliaga kwa adabu.

Langu limetoka kijiji kimoja cha Drôme, kusini ya Valence. Mwenyewe alikuwa amefariki, na warithi walitaka banda liwe tupu. Ni toleo la S la 1973, jeupe, lenye kabureta ya midomo miwili na fimbo ya gia sakafuni. Jirani amesikitika kuhusu gia. Kwake yeye Peugeot halisi ni ile ya gia kwenye usukani. Turubai limechanika na kidirisha cha nyuma cha plastiki kimekuwa rangi ya chai. Hayo hayakunitisha, kwa sababu turubai jipya linashoneka. Tuliweka gia ya nne, tukatoa plagi, tukanyanyua gurudumu moja la mbele na kulizungusha kwa mkono. Injini ikazunguka bila kukwama. Oili nyeusi tii, lakini haina weupe wa maji. Vizingiti vigumu pande zote mbili, milango inafunga hata jeki ikiwa juu. Tundu liko kwenye sakafu, chini ya miguu ya dereva, na sakafu ya buti imeanza kulika.

Waliomba yuro 9,500. Nilitoa 7,800, na baada ya sumaku kuanguka kwenye madgadi ya nyuma mbele ya macho yao, tukakubaliana.

Makaratasi yalichukua muda kuliko gari lenyewe. Kadi ilikuwa kwa jina la marehemu, hivyo ilibidi warithi wapate hati ya mthibitishaji wa mirathi na wote watie saini. Sasa naomba kadi ya gari la kumbukumbu, inayotolewa kwa magari yaliyopita miaka 30, kwa cheti cha FFVE, shirikisho la magari ya zamani la Ufaransa. Faida yake: ukaguzi kila baada ya miaka 5 badala ya 2, na ruhusa ya kufunga namba nyeusi za zamani. Nazitaka zile namba nyeusi, sifichi.

Kazi ya sasa ni kumwaga petroli iliyochacha, kutia oili kidogo kwenye kila silinda na kuagiza silinda za breki za nyuma, ambazo zimeganda. Swichi haiguswi mpaka tanki lioshwe. Jirani ameshaanza kunishawishi nipake nyekundu, nimekataa.

Jumamosi tunatoa viti na zulia tuone tundu la sakafu linaishia wapi. Likiishia kabla ya mhimili wa chini ya kiti, tunakata na kuchomelea kiraka kimoja. Likipita hapo, lazima kwanza tuchomelee vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa milango yote miwili, bodi isije ikajikunja wakati tunakata. Vyuma hivyo jirani ameshavileta, vimeegemea ukutani.