Engaruka, mji wa mawe usio na ikulu

Miaka michache nyuma nilifika Kilwa Kisiwani nikasimama pale Husuni Kubwa kwenye kidimbwi cha pembe nane, kile cha jumba la sultani la karne ya 14, bahari iko chini yako inang'aa, na toka siku ile nikiona jengo la watu wa kale lazima nijiulize hawa walikuwa wanapenda nini, walikuwa wanaheshimu nini. Pale Kilwa maji yamewekwa yapendeze, mfalme akae atazame. Sasa mwezi uliopita nikaamua niende Engaruka, yale makazi ya kale ya mawe kwenye Bonde la Ufa huku kaskazini mwa Tanzania, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kukariri tu, historia ya sekondari, kilimo cha umwagiliaji, basi, ukitoka kwenye mtihani imeisha.

Nikatoka Moshi alfajiri na kosta. Arusha gari ya Mto wa Mbu ilikuwa haijajaa, konda akaniambia dada zunguka kwanza, nikachukua boda mpaka lile Boma la Wajerumani ambalo siku hizi ni makumbusho. Lilijengwa 1900, kuta nene nyeupe, na waliosulubika kulijenga ni Waarusha na Wameru, walilazimishwa baada ya kupigwa vitani. Mwaka huohuo kule kwetu Old Moshi Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa pale. Sikukaa sana. Jengo lile halihitaji mtu wa kukuelezea, limejengwa ili ukilitazama ujue nani ana bunduki.

Mto wa Mbu nikala chap, nikapanda pikipiki. Hapo lami inaisha unaanza kula vumbi, ukuta wa Bonde la Ufa uko kushoto kwako muda wote kama mtu anayekusindikiza, na mbele kule Oldoinyo Lengai, ule Mlima wa Mungu wa Wamaasai, umechongoka peke yake. Tukapata pancha katikati ya jua hakuna hata kivuli cha kukaa, dereva akaziba alafu tukaendelea.

Engaruka Juu nilimkuta mzee mmoja kakaa chini ya mti akaniamkia kwa Kimaasai "Takwenya", nikaitikia "Iko", akafurahi, akamwita kijana anizungushe.

Aisee. Mi nilitegemea magofu, yaani ukuta mrefu, mlango, kitu cha kupigia picha. Hakuna. Kuna mawe tu ya kawaida, meusimeusi, yamepangwa hakuna chokaa hakuna saruji, na yameshika toka karne ya 15 mpaka leo. Wenyewe waliondoka karne ya 18, na mpaka sasa wasomi wanabishana walikuwa nani, wengine wanasema mababu wa Wairaqw, wengine Wasonjo. Juu kwenye mteremko ndo kulikuwa na vijiji, kila nyumba ilikatiwa kiwanja chake kwenye mlima kikazungushiwa ukuta wa mawe, na nilipanda nikashuka natafuta nyumba ya mkubwa, ile iliyozidi zingine, sikuiona. Viwanja vinafanana. Chini yake ni mashamba, vijiploti vya mraba vilivyozungushiwa mawe, kiasi cha kilomita 20 za mraba, uwanda mzima mpaka macho yanachoka.

Kijana akaniinamisha kwenye mfereji mmoja. Ni mistari miwili ya mawe, katikati maji yalipita, na penye bonde hawakuuacha mfereji uzame, waliunyanyua kwa kujenga tuta la mawe chini yake ili maji yasipoteze kimo. Nikapitisha kiganja pale. Mawe makubwa yamekaa nje, uso bapa ndo umeangalia nje, madogo yameshindiliwa ndani moja moja mpaka hakuna linalocheza. Mtu alikaa hapa akachagua. Hakuna atakayeusifia ukuta wa shamba la mtama, hata hivyo kageuza kila jiwe upande wake mzuri. Na kuna kitu sikuwahi kukisikia darasani, mashamba mengine udongo wake uliletwa na maji, walijenga kuta, wakaelekeza maji ya tope nyuma yake, tope likatuama, wakaongeza kuta, msimu baada ya msimu mpaka shamba likapatikana pale palipokuwa mawe matupu.

Hapo ndo nilikaa chini kwakweli. Sababu mi nimekulia kwenye mfongo, ule mfereji wa Wachagga wa kushusha maji toka mlimani. Siku ya kufukua mfongo kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyetoka anatozwa, na maji yana zamu, leo ya kwenu kesho ya jirani, ukifungulia kwako usiku siyo zamu yako utaitwa kwenye kikao uongee mbele ya wazee. Mfereji hauwezi kujengwa na watu wasiosikilizana, maana wa chini anaishi kwa hisani ya wa juu. Kwahiyo nikitazama uwanda ule wote naona makubaliano, vizazi na vizazi vya watu waliokuwa wanapeana zamu, na hawakuona haja ya kuyachonga kwenye nguzo wala kuyaandika ukutani, waliyapanga chini wakayapitishia maji. Kwangu mimi ile ni sanaa kama kidimbwi cha sultani, na nikiambiwa nichague moja nachagua hii.

Watu wa sasa wa Engaruka nao wanamwagilia mahindi na migomba kwa mto uleule. Kinachoniuma ni mawe ya zamani, ng'ombe wanapita juu yake, watu wanayabeba kujengea, na hakuna uzio.

Wakati naaga yule mzee akaniuliza kwetu maji yanatoka wapi, nikamwambia mlimani kwa mifongo, akauliza wa kwenu bado unapita? Nikakosa jibu, maana siku hizi tuna bomba na sijakanyaga kule juu toka niko darasa la tano.

Nilivyofika Mto wa Mbu mtandao ukarudi nikampigia baba, nikamuuliza mfongo wetu unaanzia wapi. Akanyamaza kidogo. Akasema mwanangu kuna jiwe kubwa pale babu yako alipoufungulia, nyasi zimelifunika, njoo Krismasi tupande nikuonyeshe, na ubebe panga.