Mwaka wa Kuzaliwa

Mwaka 2019, nikiwa muuguzi mgeni katika kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo mjini Alice Springs, katikati ya Australia, nilikabidhiwa mama mmoja wa Kipintupi, jamii mojawapo ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, kutoka Kintore, kijiji kilicho kiasi cha kilomita 500 magharibi mwa mji. Kichwa kilikuwa kimejaa mvi na hatua zake zilikuwa fupi na nzito, nami kwa malezi yangu ya Lushoto nikamwekea heshima ya bibi. Nilipofungua jalada lake nilikuta amezaliwa mwaka 1967. Niliisoma tarehe ile mara mbili, kwa sababu mama yangu mzazi, aliyemzidi kwa miaka minane, alikuwa bado anapanda vilima na mzigo wa kuni kichwani.

Mwaka huohuo wa 1967 ndipo Waaustralia walipopiga kura kukubali kwamba Waaborijini wahesabiwe katika sensa kama watu wengine. Walipohesabiwa, pengo likaonekana: takwimu za 2015 hadi 2017 ziliwapa wanawake wao umri wa kuishi wa miaka 75.6, pungufu kwa miaka 7.8 kuliko wanawake wengine nchini, na wanaume walipungukiwa na miaka 8.6. Huo ni wastani, na huko jangwani hali ni mbaya zaidi.

Mshipa wa mkono wake, uliounganishwa na ateri kwa upasuaji, ulikuwa umevimba kama kamba, na nilipouwekea vidole niliusikia ukivuma kama nyuki waliofungiwa mtungini. Alichomwa hapo sindano mbili, mara tatu kwa wiki, saa tano kila mara. Alinisimulia kwamba alikulia Papunya, kijiji kingine cha jangwani, watoto wengi wakilala chumba kimoja, na vidonda vya ngozi havikuwaisha. Maambukizi ya vidonda vya aina hiyo yakirudiarudia yanaweza kuharibu figo, na mimi niliumia sana kufikiri kwamba nyumba yenye nafasi, maji ya kutosha na penisilini vingeweza kumwepusha na kiti kile. Kila siku aliuliza atarudi lini kwao Kintore, ambako mashine zipo tangu 2004, lakini ni chache na wanaozisubiri ni wengi.

Jumatatu moja hakuja. Nilianza kumuulizia kwa jina, na mwenzangu mmoja Mwaborijini akaniinulia kiganja taratibu, kwani kwao jina la marehemu halitamkwi, kisha akalifuta kwa mkono wake kwenye ubao wa majina ya wagonjwa. Kabla ya saa sita mchana palikuwa pameandikwa jina la mwanamume aliyezaliwa mwaka 1975.