Tui la Pili

Ramadhani ya mwaka 2014 ilitukuta Kombe la Dunia limepamba moto kule Brazil, na pale kwetu Ngamiani, Tanga, hakuna kijana aliyekuwa analala. Magharibi tunafuturu, tukitoka tarawehe tunacheza kombe la mtaa chini ya taa za kukodi, kisha tunajazana kibanda umiza mpaka wakati wa daku. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, mchepuo wa CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, nasubiri matokeo. Baadhi ya wenzangu waliitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Jina langu halikutokea kwenye orodha. Basi mchana nikawa jikoni kwa mama, usiku beki wa kulia.

Mama aliuza futari mezani nje ya nyumba, kama kina mama wengi wa zile barabara zetu zenye namba. Mimi ndiye niliyekuna nazi, nikamenya muhogo, nikachambua maharage. Vijana walinitania sana. "Mgosi, leo umejifunga kanga gani?" Wala sikujali. Nilipenda kula tangu utotoni, tena kula vizuri, na anayekaa jikoni ndiye anayepata makoko na vionjo. Mpira niliupenda vilevile, mapenzi ya kuamka usiku.

Mwanzoni kabisa mwa mfungo, tarehe 30 Juni, Algeria ilikutana na Ujerumani mjini Porto Alegre. Kwetu ilikuwa saa tano usiku. Kibanda kizima kilikuwa Algeria, hata wale ambao jana yake hawakuijua. Mjadala ulikuwa mmoja: wamefunga au hawakufunga? Kocha wao, Vahid Halilhodžić, alishaulizwa na waandishi akakasirika, akasema hilo ni jambo la mtu binafsi. Dakika tisini zikaisha bila bao, kipa M'Bolhi akiokoa hatari juu ya hatari. Wajerumani walipata mabao yao muda wa nyongeza, Algeria wakarudisha moja mwishoni kabisa, ikawa 2-1. Watu walitoka kibandani wanajifuta macho.

Mimi nilitoka na swali. Kule kusini mwa Brazil ilikuwa majira ya baridi na mechi ilianza saa kumi na moja jioni ya kwao, kwa hiyo jua lilizama kipindi cha kwanza kikiendelea. Kama kulikuwa na aliyefunga, alichoweza kupata kabla ya mapumziko ni tende na maji, basi. Na timu ile ilikimbia dakika mia na ishirini.

Timu yetu ya mtaa ilikuwa na mfadhili, mfanyabiashara wa nafaka tuliyemwita Mzee, bila zaidi. Mzee alikuwa mkarimu mpaka inatisha. Siku ya mechi alitaka vijana wake wakutane barazani kwake baada ya tarawehe, wale washibe, ndipo waende uwanjani. Futari hiyo alimwagiza mama, na alilipa taslimu: muhogo wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga, sambusa, kaimati zinazoogelea kwenye shira. Kufuturisha ni thawabu, na Mzee hakuwa mtu wa kukatakata thawabu. Sinia linafika saa tatu usiku. Mechi saa nne kasorobo.

Mechi ya kwanza tulipata mabao mawili ya haraka, kisha tukaanza kufa mmoja mmoja. Kipindi cha pili winga wetu wa kushoto, kijana aliyekuwa na mbio kuliko yeyote pale mtaani, alisimama ghafla, akashika nyonga, akatembea mpaka nyuma ya goli. Niliyekuwa karibu ni mimi. Aliinama akatapika vipande vya muhogo vikiwa vizima, na tui limeshaanza kugandamana. Niliutambua muhogo ule. Niliukata kwa mikono yangu mchana. Kiungo wetu naye alikuwa amekaa chini ana kichomi. Tulishinda 2-1 kwa sababu wapinzani nao walikuwa wametoka kula kama sisi.

Kesho yake alikuja mteja wa mama wa kila siku, afisa lishe wa hospitali moja ya serikali. Mama wa makamo, mpole, mtu wa kaimati. Bado nacheka nikikumbuka kwamba mtu wa kwanza kunieleza habari za mafuta na tumbo alikuwa ameshika mfuko wa kaimati mkononi. Nikamwamkia, nikamuuliza lile swali langu la Algeria: inakuwaje mtu asiyekula anakimbia, aliyeshiba anaanguka?

"Marahaba, mwanangu. Nyie mnafuturu saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Mnacheza?"

"Nne kasorobo."

"Na hapo katikati mnatia nini?"

Nikamtajia sinia la Mzee, kitu kimoja kimoja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso, kisha akaniambia kwamba mlo wa magharibi hauna neno, unaotumaliza ni huu wa saa tatu. Mafuta hulichelewesha tumbo kupeleka chakula kwenye utumbo. Tui zito, samaki wa kukaanga, sambusa, vyote vinakaa pale pale. Mtu akianza kukimbia, damu nyingi inakwenda kwenye misuli inayofanya kazi, tumbo linaachwa na mzigo wake. Hapo ndipo kichomi na kutapika. Akaniuliza tunakunywa maji lini. Nikasema tukimaliza mechi. Akatikisa kichwa.

"Magharibi kuleni, lakini kwa kiasi, na mnywe maji kidogo kidogo mpaka isha. Saa tatu iwe kitu chepesi, tende, machungwa, uji mwembamba. Hilo sinia walipeleke baada ya mechi. Chakula cha mama yako hakina kasoro, mnakila saa isiyo yake."

Nilipeleka habari jikoni kama nilivyozipokea, na hapo ndipo nilipojua kwamba kushauri watu kuhusu chakula ni nusu tu ya kazi. Mama alikuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Aliacha kukuna.

"Mtoto wa watu acheze mpira kwa machungwa? Nani kakwambia?"

"Yule mama wa hospitali."

"Yule anayemaliza kaimati zangu?"

Akaendelea kukuna, safari hii kwa hasira, nazi inaruka. Sikuongeza neno. Mama amepika muhogo wa nazi tangu kabla sijazaliwa, umesomesha watoto wake, na mimi namletea habari kwamba unaangusha watu uwanjani. Ilipita kama robo saa. Akakamua tui la kwanza, lile zito linaloacha utando kwenye vidole, akaliweka kando. Akamimina maji ya uvuguvugu kwenye chicha, akafinya tena kwa kifumbu. Tui la pili likashuka jepesi, unaona chini ya bakuli.

"Tatizo ni mafuta, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi muhogo wa saa tatu nitaupika kwa hili, bakuli dogo, bila samaki. La kwanza nitalimimina kwenye ule wa baada ya mechi. Mzee ataona muhogo kapikiwa, na hao wenzako watakimbia."

Afisa lishe hakuwa amelifikiria hilo, na mimi nisingelifikiria mpaka kesho. Miaka kadhaa baadaye, chuoni Morogoro, nilijifunza vipimo vyake: mchezaji akibakiza saa moja kuingia uwanjani, gramu moja hivi ya wanga kwa kila kilo ya uzito wake inamtosha, mafuta yawe kidogo, nyuzinyuzi kidogo. Mhadhiri alikuwa anaandika ubaoni, mimi nahesabu bakuli za mama. Hazikuwa mbali. Na mpaka leo, Ramadhani ikikaribia na wagonjwa wangu wa kisukari wakaanza kuniuliza kama futari ya nazi ndiyo basi tena, naanzia kwenye tui la pili na ukubwa wa bakuli, kwa sababu mtu wa Tanga ukimwambia aache nazi atakuitikia vizuri sana, kisha atakwenda kula nazi.

Suala la maji nalo alilimaliza mama. Alikumbuka kliniki, enzi zetu za kuharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. "Hiyo wewe umeinywa huna hata jino." Ulikuwa msimu wa machungwa ya Muheza, yapo kila kona kwa bei ya kutupa, tukakamulia humo. Kilikuwa kinywaji kizuri kwa watu waliokaa kama saa kumi na tatu bila tone la maji na bado wana jasho la kutoa.

Ikaja robo fainali. Mzee alifunua sinia pale barazani, akaona tende, machungwa yaliyokatwa, jagi, na vibakuli vya muhogo vya kulisha watoto. Akamgeukia mama.

"Dada, hela si nilitoa kamili?"

"Na chakula kipo kamili, Mzee. Nusu sasa, nusu wakirudi."

"Wakirudi wamefungwa?"

"Wakirudi wana njaa."

Watu wakacheka, Mzee hakucheka. Kapteni wetu alikula kimya huku ananitazama kwa jicho la pembeni. Nilijua tukifungwa mitano nitahama mtaa.

Mechi ilikwenda 1-1. Ninachokikumbuka zaidi ni dakika za mwisho. Wapinzani walikuwa wameshika viuno, beki wao wa kati anaomba mpira utoke nje apumue, na winga wetu wa kushoto bado anakwenda. Alimpita mtu pembeni, akampita tena yule yule aliyerudi, akapiga krosi ambayo straika wetu aliikosa kwa namna ambayo hadi leo tunamkumbusha kwenye misiba. Mimi mwenyewe nilipanda na kushuka upande wa kulia mpaka filimbi, tumbo liko kimya. Taa za kukodi zikazimika mara moja, jenereta ikawashwa upya, tukaingia penalti. Kapteni akapaisha yake, ikatua kwenye bati la nyumba ya jirani. Tukatolewa.

"Machungwa hayo," alisema Mzee, akaondoka.

Sinia la pili liliwekwa karibu saa sita usiku, tui la kwanza lote ndani yake, samaki, maharage, sambusa. Waliofungwa penalti walikula kama mabingwa. Kabla ya daku jagi lilikuwa limezunguka mara nyingi, na hata kapteni alitabasamu alipopata kichwa cha samaki.

Afisa lishe alipokuja kununua kaimati nilimpa matokeo kwa unyonge.

"Penalti si kazi yangu," akasema. "Niambie ya dakika tisini."

Nikamtolea daftari langu la kemia. Kurasa za nyuma nilikuwa nimechora jedwali: nani kala nini, saa ngapi, kanywa vikombe vingapi, kachoka dakika ya ngapi, nani kaumwa tumbo. Nilifanya hivyo kwa sababu nilijua mtaani watabisha. Alilisoma amesimama, mfuko unavuja shira kwenye kiatu chake, hakuona. Akaniuliza nimesoma mchepuo gani. Nikamwambia CBG, na kwamba nyumbani wanasema udaktari ukishindikana basi ualimu.

"Sokoine pale Morogoro wanatoa shahada ya lishe. Kemia unayo, baiolojia unayo. Unasubiri nini?"

Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kwenda chuo kikuu kwa ajili ya hayo. Nilijua daktari, muuguzi, mfamasia. Hata yeye nilidhani ni muuguzi aliyepewa cheo cha kupima watoto mizani. Akanieleza wodi anazopita, mgonjwa wa figo anayepimiwa chumvi, mama mjamzito mwenye upungufu wa damu anayekunywa chai ya rangi juu ya kila mlo na chai ile inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Nilimsikiliza mpaka mama akanikumbusha kuna wateja.

Matokeo yalipotoka nilikwenda kuomba chuo kwenye chumba cha intaneti. Mjomba alitaka niweke uhasibu namba moja. Niliweka lishe namba moja, uhasibu sikuuweka kabisa, nikarudi nyumbani kumwambia mama kabla mjomba hajafika.

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu, ya kusomea chakula." Alikuwa anageuza kaimati kwenye mafuta, hakuinua macho. "Na mkopo wa bodi wanatoa?"

"Wanatoa, nikipata."

"Haya, nenda. Ila ukifika huko uwaulize kaimati wanazionaje. Wakikwambia uje uniambie niache, ubaki huko huko Morogoro."