Vifaa vya waya kwenye WiFi bila kutoboa ukuta wala mfuko

Nyumba nyingi za faiba ziko hivi: ruta imefungwa sebuleni karibu na mlango, pale fundi alipoona ni rahisi kwake, halafu chumba cha ndani kuna kompyuta ya mezani, printa na labda DVR, kile kisanduku kinachorekodi kamera za ulinzi, vyote vina tundu la waya wa LAN na hakuna hata kimoja kinachoshika WiFi. Ukiuliza unaambiwa tunasubiri fundi aje avute waya. Na nyumba yenyewe ya kupanga, mwenye nyumba hata msumari wa saa ya ukutani anakutolea macho, sasa uende utoboe kuta mbili umwambie nini?

Ukifika Kariakoo wengi watakuuzia kile kidude cha USB cha WiFi. Kwa kompyuta sina neno, ni rahisi na kinapiga kazi, ila kachomeke kwenye printa au DVR uone, mara nyingi kitakaa pale kama pambo maana ndani ya kifaa hakuna programu ya kukitambua. Tivii nazo zina maringo, nyingi zinakubali modeli ileile ya kampuni yake tu.

Mimi nashauri ruta. Ruta kuukuu, ile iliyolala kabatini tangu ulipohamia faiba, au ya mtumba ambayo ukiongea vizuri unaipata kwa bei ya kula mchana na rafiki. TP-Link TL-WR840N na TL-WR841N zimejaa mtaani na matoleo yake ya karibuni yana sehemu ya kubadilisha kazi, ukiingia kwenye setingi utaona Operation Mode. Kabla hujatoa hela geuza chini usome toleo, limeandikwa Ver, kisha omba muuzaji aiwashe uingie kwenye setingi mwenyewe, kwa sababu za zamani zinafanana kwa sura lakini hiyo sehemu hazina. Mtu akikwambia "usijali, utaweka OpenWrt", yaani programu huria ya kuchukua nafasi ya ile ya kiwandani, mjibu taratibu kwamba nyingi ya hizo ndogo zina flashi, yaani nafasi ya kuhifadhi programu, ya MB 4 tu na OpenWrt za sasa haziingii humo.

Wazo lenyewe ni jepesi, ruta ya pili inashika WiFi ya sebuleni kama simu inavyoshika, halafu inaitoa kwa waya kwenye matundu yake ya nyuma. Matundu manne ya njano, vifaa vinne, waya fupi za mita moja moja na mambo yameisha.

Sasa hapa kwenye kuchagua modi ndo penye maneno. Ukichagua WISP, ruta ya pili inaanzisha mtandao wake mdogo ndani ya ule mkubwa, intaneti inapita freshi, kompyuta inafungua kila kitu, hata DVR utaiona kwenye simu kwa ile aplikesheni yake kwa sababu DVR yenyewe ndo inapiga hodi nje. Lakini printa utaitafuta kwa simu ukiwa sebuleni hadi ukome, haionekani, iko upande wa pili wa ukuta wa mtandao. Na kama ruta zote mbili zinatumia anwani ya 192.168.0.1 ndo kabisa zitagombana, ya ndani ibadilishe iwe 192.168.5.1 au yoyote ile ambayo haifanani. Kama una printa au mafaili ya kushea nenda Range Extender, au Client kwa zile zenye hiyo, hapo vifaa vyote vinachukua anwani kutoka kwa ruta kubwa na vinaonana kama ndugu wa nyumba moja.

Utasikia watu wanasema ripita, yaani hiyo Range Extender, inakula nusu ya spidi. Ni kweli kama unaitumia kusambaza WiFi tena, maana redio ni moja, inapokea na kutuma kwa zamu. Kifaa kikiwa kwenye waya ile zamu ya pili haipo, kwa hiyo kama setingi zinaruhusu zima kabisa ile WiFi inayosambazwa na ruta ya pili. Matundu ya hizi ruta ni 100Mbps, na Netflix wenyewe wanasema 5Mbps inatosha kwa picha ya 1080p, sasa hofu ya nini?

Kitu cha kuangalia kwa macho mawili ni adapta. TL-WR840N nyingi zinataka 9V, boksi nyingi za faiba na DVR zinatumia 12V, na vichwa vyake vinaingiliana vizuri tu, hakuna kitakachokuzuia mpaka usikie harufu. Andika kwa maka peni kwenye kila adapta. Ukiwa na hela kidogo zaidi chukua TL-WR802N, kadude kadogo kanakoenea kiganjani, tundu moja la LAN, kanatumia chaja ya simu ya 5V kwa hiyo hata umeme ukikatika pawabenki inakabeba. Ila usikachomeke kwenye USB ya tivii, nyingi zinatoa 0.5A na kenyewe kanataka 1A, katakuwa kanajizima na kujiwasha.

Huna hata ruta? Simu ya Android iliyoshika WiFi, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, washa USB tethering, kompyuta inapata intaneti hapohapo. Printa na DVR hapana.

Na waya wa LAN wa zamani usiutupe kwa sababu umekatika nyuzi ndani. Kwa 100Mbps zinazofanya kazi ni namba 1, 2, 3 na 6 tu, yaani kwa mpangilio uliozoeleka ni jozi ya chungwa na ya kijani. Bluu na kahawia zikiwa zimekufa intaneti itapita kama kawaida.