Safari Yangu ya Kwanza Guangzhou: Mambo Niliyoyatengeneza Kabla ya Kuondoka

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiuza mapazia Kariakoo kwa vitambaa vilivyoletwa na wenzangu wanaosafiri China, hadi nilipoamua kwenda Guangzhou mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki, sizungumzi Kichina, wala sina ndugu wa kunipokea kule. Safari ilikwenda salama na mali ikafika, na ninaamini kabisa kwamba ilikuwa hivyo kwa sababu karibu kila jambo ambalo lingenikwamisha Guangzhou nililishughulikia nikiwa bado Dar es Salaam. Naandika kwa ajili ya mtu aliyeshika pasipoti mpya mkononi na hajui aanzie wapi.

Nilianza na kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na katika kipindi hicho viwanda na maduka ya jumla hufungwa, wafanyakazi wakarudi mikoani kwao, na wengine hawarejei kazini hadi baada ya wiki kadhaa. Kuna pia mapumziko ya Siku ya Taifa kuanzia tarehe 1 Oktoba, ambapo treni hujaa nchi nzima. Maonyesho ya biashara ya Canton, jina la zamani la Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika majira ya kuchipua na majira ya vuli katika kumbi za Pazhou, na bei za hoteli hupanda sana siku hizo. Anayetafuta kiwanda cha kumtengenezea bidhaa zake anafaidika na maonyesho hayo, lakini mimi nilitaka kuingia maduka ya vitambaa na kuchagua kwa mkono, kwa hiyo nilikwenda Juni, wakati wa joto na mvua nyingi, nikapata chumba kwa bei ya kawaida na wauzaji wenye nafasi ya kunisikiliza.

Viza niliyoomba ni ya biashara, ile inayoandikwa herufi M, kwa barua ya mwaliko kutoka kampuni ya vitambaa niliyokuwa nimeanza kuwasiliana nayo. Nashauri aina ya viza ilingane na shughuli yenyewe, na majibu yako mbele ya afisa wa uhamiaji yalingane na karatasi ulizobeba. Nilichapisha barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa hoteli, nikaviweka pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwenye bahasha moja niliyoibeba mwilini.

Simu ndiyo iliyonichukulia muda mwingi zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie. Mama mmoja aliyefanya biashara hiyo kwa miaka mingi, ambaye sote pale mtaani tunamheshimu, aliniambia, "Mwanangu, usiende China na simu tupu." Alikuwa na maana kwamba WhatsApp, Google, Facebook, Instagram na YouTube hazifunguki kwenye intaneti ya huko, kwa hiyo mtu anayetegemea hizo hufika akiwa kama aliyekatwa ulimi. Njia rahisi niliyoitumia ni kuwasha huduma ya kutumia laini yangu ya nyumbani nje ya nchi, kwa kuwa intaneti ya laini ya kigeni hupitia mtandao wa nyumbani na programu hizo zikaendelea kufanya kazi. Gharama yake ni kubwa, hivyo niliitumia kwa mawasiliano ya lazima tu, na shughuli za mchana nikazifanya kwa Wi-Fi ya hoteli na kwa programu za Kichina.

Programu ya kwanza ni WeChat, ya kutumiana ujumbe na picha. Nilijisajili mapema, kwa sababu akaunti mpya mara nyingi hudai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani msimbo unaotokea kwenye simu yako, na ni rahisi kumpata mtu huyo Kariakoo kuliko ukumbi wa uwanja wa ndege. Nilimwekea na mke wangu, pamoja na kijana anayenisaidia dukani, ili tuweze kuonyeshana vitambaa kwa picha hata laini ikisumbua. Ya pili ni Alipay, ya kulipia kwa simu, ambayo nilisajili kwa pasipoti na kuiunganisha na kadi yangu ya Visa. Kabla ya hapo nilikwenda benki kuomba kadi ifunguliwe kwa malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi, na laini yangu nikaiacha hewani muda wote, kwa sababu namba za uthibitisho za benki huja kwa ujumbe mfupi. Kwa kadi ya kigeni, malipo yasiyozidi yuani 200, yuani ikiwa ndiyo fedha ya China, hayana makato, na yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3, kwa hiyo chakula, teksi na treni nililipia kwa simu, na manunuzi makubwa nikayalipa kwa njia nyingine. Nilipakua pia ramani ya Amap, na programu ya tafsiri yenye Kichina kilichohifadhiwa ndani ya simu, ambayo hufanya kazi hata pasipo intaneti.

Kuhusu fedha taslimu, mgeni anayeingia China na zaidi ya dola 5,000 za Marekani anatakiwa kuzitamka forodhani. Nawasihi wenzangu wasilipuuze hilo kwa kuogopa kuulizwa maswali, kwa kuwa fomu ya forodha ndiyo inayomlinda mwenye fedha. Kubadili dola nilikwenda benki na pasipoti yangu, nikakaa foleni, nikahesabu noti zangu pale pale dirishani. Wapo watu barabarani wanaotoa bei nzuri kidogo kuliko benki, lakini mgeni asiyezizoea noti za yuani 100 hawezi kuitambua ya bandia. Noti ndogo ni muhimu pia, maana maduka mengi hayana chenji siku hizi.

Nilipitia Addis Ababa na kutua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou. Kutoka hapo njia ya 3 ya treni za chini ya ardhi inaingia hadi katikati ya mji, na nauli za treni hizo zinaanzia yuani 2. Tiketi ya safari moja ni kidude cha plastiki cha mviringo, mithili ya kifungo kikubwa cha koti, ambacho unakigusisha kwenye mlango wa kuingilia na kukitumbukiza kwenye tundu unapotoka, kwa hiyo usikiweke mahali utakapokisahau. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi katika kila kituo. Nilichagua hoteli eneo la Xiaobei, ambako Waafrika na Waarabu wengi hufikia, na kituo chake kipo kwenye njia ya 5. Ni eneo zuri kwa siku za mwanzo, kwa sababu hukosi mtu wa kuzungumza naye Kiingereza, Kifaransa, au hata Kiswahili.

Anwani ziandikwe kwa maandishi ya Kichina. Dereva wa teksi hawezi kusoma jina la hoteli lililoandikwa kwa herufi zetu, hata ukilitamka kwa uangalifu kiasi gani, kwa kuwa hoteli hiyo kwake ina jina jingine kabisa. Nilipofika mapokezini jambo la kwanza lilikuwa kuchukua kadi ya hoteli, nikaipiga picha, na nakala nyingine nikaiweka kwenye pochi endapo simu ingezima. Kila duka nililoingia nilichukua kadi yake vilevile, na kila asubuhi nilimwonyesha dereva kadi ya mahali ninapokwenda badala ya kujaribu kueleza.

Sheria ya China inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi atembee na pasipoti yake, na inamtaka asajiliwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike anapolala. Hoteli hufanya usajili huo yenyewe pale inaponakili pasipoti, lakini anayelala nyumbani kwa rafiki au kwenye chumba cha kupanga anapaswa kwenda kituo cha polisi pamoja na mwenyeji wake. Nimesikia ndugu zetu wakishauriana kubanana vyumbani ili kuokoa gharama bila usajili. Faini na usumbufu unaoweza kutokea hauna uwiano na fedha zinazookolewa, na mtu akiingia matatizoni na dola za watu mfukoni anaumiza familia nzima.

Soko la vitambaa la Zhongda lipo wilaya ya Haizhu, na njia ya 8 ya treni inafika karibu. Ni majengo mengi yenye maduka madogo yaliyopangana ghorofa juu ya ghorofa, na siku ya kwanza sikununua chochote. Nilitembea, nikashika vitambaa, nikauliza bei. Mazungumzo yote hufanyika kwenye kikokotoo. Muuzaji mmoja, dada wa makamo aliyekuwa akinywa maji ya moto kwenye chupa ya kioo, aliandika bei kisha akanigeuzia mashine. Nikaifuta, nikaandika yangu, nikamrudishia. Akatikisa kichwa, akaandika nyingine, akaongeza kwa kidole alama ya wingi wa mita anaotaka ili ashushe. Hapo lazima ujue bei ni ya mita, ya yadi au ya kilo, kwa maana vyote vitatu hutumika, na kitambaa kilichoonekana rahisi kinaweza kugeuka ghali mara kipimo kinapobadilika. Kitambaa cha mapazia mara nyingi huwa na upana wa sentimita 280, ambao hugeuzwa kuwa urefu wa pazia, lakini niliupima mwenyewe kwa futi niliyotoka nayo nyumbani.

Kwa kila kitambaa nilichokikubali niliomba kipande kidogo, nikakibana kwa stepla kwenye daftari pamoja na kadi ya duka, nikaandika pembeni namba ya rangi, upana, bei na tarehe. Tulikubaliana malipo ya awali ya asilimia 30, na kiasi kilichobaki kilipwe mzigo ukishafika ghala la wakala wa kusafirisha mizigo na mimi nikiwa nimeukagua. Nilikwenda ghalani, nikaomba marobota mawili yafunguliwe, nikalinganisha rangi na vipande vya daftari nikiwa mlangoni kwenye mwanga wa jua, kwa kuwa taa za ndani hudanganya macho. Robota moja lilikuwa na bluu iliyopauka kuliko sampuli. Nilimwonyesha muuzaji picha na kipande chenyewe kupitia WeChat, naye akalibadilisha bila ubishi, jambo ambalo lisingewezekana kama ningekuwa nimeshamaliza kulipa.

Chakula hakikunisumbua. Migahawa ya tambi ya Waislamu wa China, yenye mabango yaliyoandikwa halali kwa Kiarabu, ipo karibu kila mtaa. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa, na birika la umeme limo katika vyumba vingi vya hoteli. Tembea na karatasi za chooni mfukoni, kwani vyoo vingi vya umma havina. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi zao, ingawa umeme ni volti 220, kwa hiyo adapta inunuliwe nyumbani. Ijumaa nilisali msikiti wa Xianxian, karibu na kaburi ambalo kwa mapokeo ya Waislamu wa huko ni la Sayyidna Saad bin Abi Waqqas, na palijaa watu wa mataifa mengi hadi uani. Hapo ndipo nilipokutana na Watanzania walioniunganisha na wakala wa mizigo niliyemtumia.

Nyumbani walikuwa nyuma yangu kwa saa tano, hivyo maswali ya dukani niliyauliza mchana wa huko, Dar es Salaam ikiwa imeamka, na jioni nikaziacha kwa hesabu. Namba za dharura nilizoziandika nyuma ya daftari ni 110 ya polisi, 120 ya gari la wagonjwa na 119 ya zimamoto.

Wakati wa kurudi, angalia betri zako. Pawa benki hazikubaliwi kwenye mzigo unaokabidhiwa. Huwekwa kwenye mkoba wa mkononi, na wakaguzi wa China husoma maandishi ya uwezo wake. Ikiwa maandishi yamefutika huchukuliwa, na ikizidi saa-wati 100 huhitaji kibali cha shirika la ndege. Tangu tarehe 28 Juni 2025, kwa safari za ndege za ndani ya China, pawa benki inatakiwa pia iwe na alama ya 3C, yaani alama ya China ya kuthibitisha usalama wa bidhaa. Yuani zilizobaki nilizibadili kabla ya kuondoka, kwa sababu Dar es Salaam si kila duka la fedha linazipokea. Risiti za maduka, hati ya wakala yenye idadi ya marobota na alama iliyoandikwa juu yake, pamoja na lile daftari la vipande, nilivibeba mkononi, na kila karatasi niliipiga picha nikamtumia kijana wa dukani kabla sijapanda ndege, ili wakala wa forodha aanze kuandaa nyaraka za bandarini meli ikiwa bado baharini.